Mti Haungoji Hukumu

Wasee, kuna komenti moja nimeisoma mpaka nimechoka: "Hizi korti zinazuia kazi." Kila jaji akisimamisha ukataji wa miti mahali, hiyo komenti inarudi. Ilijaa hapa Agosti 2023, korti iliposimamisha uamuzi wa Rais Ruto wa kuondoa marufuku ya ukataji miti, baada ya chama cha mawakili, LSK, kwenda kortini. Leo tugombane kidogo.

Shamba la shosho limepakana na msitu wa serikali, ule wa miti ya kupandwa. Siku moja wanaume wakaja na rangi nyekundu, wakatia alama kwenye mikaratusi aliyoipanda yeye mwenyewe. Wakasema mpaka wa kipande alichopewa kontrakta unapita hapo. Shosho akauliza ramani iko wapi. "Iko ofisini, shosho." Akapanda matatu hadi ofisini. Huko akaambiwa iko Nairobi. Siku ya tatu misumeno ilikuwa inanguruma. Hakuna barua, hakuna baraza, hakuna hata chifu. Mjomba alipopata wakili, kulikuwa na visiki na maganda.

Sasa niambie, hapo korti ilizuia kazi ya nani?

Watu wengi hudhani ukienda kortini kupinga uamuzi kama huo, jaji atakuja na kamba apime shamba. Zii. Jaji si sorveya. Kwenye mapitio ya mahakama anauliza maswali ambayo yanaonekana madogo: huyu ofisa alikuwa na mamlaka ya kuamua hivi? Aliskiza upande wa pili kabla ya kuamua? Uamuzi una sababu, ama alijiamkia tu? Mnaita hiyo mambo ya makaratasi. Lakini angalia tena story ya shosho. Kila alichonyimwa kilikuwa karatasi.

Na si hisani anaomba. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki ya hatua ya kiutawala iliyo halali na ya haki, na akiumizwa nayo apewe sababu kwa maandishi. Bunge likapitisha sheria ya kutekeleza hicho kifungu mwaka 2015, na ndani kuna kipengele nakipenda sana: ukiomba sababu na ofisi ikunyime, mkifika kortini uamuzi wao unachukuliwa kuwa ulifanywa bila sababu nzuri, mpaka wao wathibitishe vinginevyo. Yaani kimya chao kinakuwa ushahidi wako. Barua moja tu, na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Mahali naudhika ni hapa. Sheria hiyo hiyo inasema umalize kwanza rufaa za ndani ya ofisi, ndipo jaji akuskize. Kwa mambo ya leseni ya duka, sawa. Lakini mti haungoji kamati ikae. Kuna mlango wa dharura, jaji anaweza kukuondolea hilo sharti, ila lazima umwombe na umwonyeshe kwa nini hali yako si ya kawaida. Mimi nasema misumeno ikiwa imewashwa tayari, huo mlango ungefaa kuwa wazi bila mtu kubembeleza. Jaji akifuta uamuzi mwaka ujao, shosho atarudishiwa nini? Visiki?

Wanaoniambia natia chumvi wawaulize Waogiek wa Mau. Oktoba 2009 walipewa notisi ya siku 30 watoke msituni, eti kuuhifadhi. Kesi ikafika Mahakama ya Afrika kule Arusha, ikaamuliwa Mei 2017. Majaji wakasema Waogiek si chanzo kikuu cha uharibifu wa Mau. Wakataja watu wengine walioingia, serikali kumega msitu kwa makazi, na vibali vya ukataji mbao vilivyotolewa vibaya. Mwaka 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi milioni 157, na ardhi yao ipimwe, iwekwe mipaka na itolewe hati. Novemba 2023 nyumba zao zilikuwa zinabomolewa tena.

Najua kuna msee wa kiwanda cha mbao anasoma hii akikunja uso. Marufuku ya 2018 ilitangazwa kuwa ya siku 90, ikaenda miaka 5. Watu walikosa kazi kweli, na miti iliyopandwa ili ivunwe ilikuwa inazeeka msituni. Bro, hata wewe Kifungu cha 47 ni chako. Nani alikuskiza kabla ya kukufungia? Uliomba sababu kwa maandishi ama ulilia tu kwa status?

Kwa hivyo ukiona rangi mpya kwenye miti ya kwenu, usianze na TikTok. Piga picha za bikoni na alama, andika tarehe, peleka barua ya kuomba ramani na sababu siku hiyo hiyo, halafu tafuta wakili aombe amri ya kusimamisha kwanza, mengine baadaye. Video tutaposti jioni.

Shosho bado hajaiona ile ramani.