Mbio Tatu Zinatosha

Mjomba wangu ni mchimbaji mdogo, na kama wachimbaji wengi wa Sekenke, haamini kitu mpaka akione kwenye karai. Asubuhi ya Jumatatu moja, Februari 2024, tulikuwa tumekaa kwenye kibanda cha chai kando ya barabara kuu, malori yakishuka mlima kwa gia nzito, nikamwonyesha habari kwenye simu. Kelvin Kiptum amefariki kwa ajali ya gari karibu na Kaptagat, Kenya, yeye na kocha wake Gervais Hakizimana. Alikuwa na miaka 24.

Mjomba alisikitika kwa dhati. Watu wa huku hatuhitaji kuelezwa ajali ya barabarani ni nini. Mlima huu umetufundisha vya kutosha. Alimwombea marehemu. Lakini niliposema kwamba dunia imempoteza mmoja wa wakimbiaji wakubwa kabisa waliowahi kuvaa viatu, akaweka kikombe chini.

"Mjomba, polepole. Marathoni ngapi alikimbia?"

"Tatu."

"Tatu! Basi huyo alikuwa ndiyo kwanza anapasha misuli."

Kibanda kizima kilicheka. Nilicheka na mimi, kisha nikabishana naye mpaka chapati zikaisha. Sijaacha kubishana hadi leo, ila sasa nabishana na wenzangu wa shahada ya uzamili, watu waliosoma takwimu na wanaojua kuvaa hoja ya mjomba suti: sampuli ni ndogo, ukubwa unahitaji muda, tusichanganye huzuni na heshima. Ninawajibu wote kwa pamoja hapa. Kelvin Kiptum anastahili kuingia kwenye ukumbi wowote wa heshima wa riadha unaojiheshimu, na kama kanuni za ukumbi zinamzuia mlangoni, kanuni ndizo zenye kasoro.

Tuanze na hizo mbio tatu. Valencia, Desemba 2022, marathoni yake ya kwanza: saa 2, dakika 1 na sekunde 53. Wakati huo hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuanza umbali huo kwa muda kama ule. London, Aprili 2023: saa 2, dakika 1 na sekunde 25, akiipunguza rekodi ya njia ile, iliyokuwa ya Eliud Kipchoge, kwa zaidi ya dakika nzima. Chicago, Oktoba 8, 2023: saa 2 na sekunde 35. Rekodi ya dunia. Ile ya Kipchoge ilikuwa 2:01:09, kwa hiyo kijana alikata sekunde 34 kwa mkupuo, na mshindi wa pili alifika zaidi ya dakika tatu baadaye. Kwa kasi ya watu wale, dakika tatu ni karibu kilomita moja ya barabara tupu.

Ila muda peke yake haunitoshi kama ushahidi. Tazama alivyokimbia. Marathoni tumefundishwa ni mchezo wa ubahili: unaweka akiba mwanzoni, unaomba Mungu usifilisike baada ya kilomita 30. Kiptum alifanya kinyume mara tatu mfululizo. Katika mbio zote tatu nusu ya pili aliikimbia kwa kasi kuliko ya kwanza, na London na Chicago nusu hiyo ya pili ilikuwa chini ya dakika 60. Pale ambapo mabingwa huanza kujihesabu vidole, yeye ndipo alipokuwa anaondoka. Mtu anayebahatisha habahatishi mara tatu, kwenye miji mitatu, kwa namna ileile. Mwanatakwimu mwenzangu, hiyo inaitwa nini?

Sasa njoo kwenye ukumbi wenyewe. Shirikisho la riadha la dunia, wakati huo likiitwa IAAF, lilianzisha Ukumbi wa Heshima mwaka 2012 lilipotimiza miaka 100. Kigezo cha msingi kilikuwa hiki: mwanariadha awe na angalau medali mbili za dhahabu za Olimpiki au ubingwa wa dunia, awe ameweka angalau rekodi moja ya dunia, na awe amestaafu kwa miaka isiyopungua 10. Kipchoge Keino aliingia katika kundi la kwanza, na hakuna mwenye akili atakayenung'unika. Lakini pitisha Kiptum kwenye chujio hilo. Rekodi, anayo. Dhahabu mbili, hana hata moja. Olimpiki ya Paris ilikuwa imebakiza miezi sita alipofariki.

Kabla hujasema "kanuni ni kanuni", angalia nani mwingine anaachwa nje na chujio hilohilo. Filbert Bayi. Februari 2, 1974, Christchurch, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Mtanzania huyu aliongoza tangu mwanzo mpaka mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.2. John Walker wa New Zealand, aliyekuwa wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, na bado hakumpata. Mwaka uliofuata, Kingston, Jamaika, Bayi akachukua na rekodi ya maili. Dunia nzima ikasubiri Bayi na Walker wakutane Montreal 1976. Hawakukutana. Tanzania na nchi nyingine nyingi za Afrika zilisusia michezo ile, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Walker alichukua dhahabu. Bayi alipata fedha ya kuruka viunzi na maji, Moscow 1980, na mbio za ubingwa wa dunia zilianza 1983, miaka yake mizuri ikiwa imekwisha pita.

Ninajivunia ule mgomo. Ningekuwepo ningeuunga mkono. Lakini tuseme ukweli kuhusu nani aliulipia. Bayi alilipa deni la nchi kwa miguu yake, halafu inakuja kanuni inayomuuliza: mbona huna dhahabu mbili? Kanuni ya namna hiyo inadhani inapima ukubwa. Inachopima kwa kiasi kikubwa ni kalenda: nani aliamka mzima, salama na huru katika wiki iliyopangwa na watu wengine.

Ukitaka uthibitisho kwamba tatizo halipo kwenye ufupi wenyewe, mtazame Jesse Owens, ambaye naye aliingia na kundi lile la kwanza. Berlin 1936 alikuwa na miaka 22, akachukua dhahabu nne, na mwaka uleule safari yake ya riadha ya ridhaa ikakatwa. Ilikuwa safari fupi mno. Yumo ukumbini, na anastahili. Kumbe ufupi unakubalika, mradi uangukie wiki ya Olimpiki.

Wamarekani wenyewe wamebishana sana juu ya jambo hili katika mpira wao wa miguu usiotumia miguu. Gale Sayers alikuwa yule mchezaji anayekabidhiwa mpira na kukimbia nao kupenya ukuta wa watu. Magoti yalimwishia baada ya mechi 68 tu. Mwaka 1977, akiwa na miaka 34, wakamwingiza kwenye ukumbi wao. Terrell Davis, wa nafasi ileile, alicheza mechi 78 za ligi, akashinda ubingwa mara mbili, na bado wakamsubirisha mpaka 2017 kwa sababu eti hakudumu. Mwishowe walimfungulia. Walichukua muda mrefu kuona jambo ambalo mtazamaji yeyote wa kawaida aliliona akiwa amekaa kwenye kochi.

Wapinzani wangu wana hoja nzito zaidi ya hii ya kudumu, na sitaikwepa. Wanasema London na Chicago ni mbio za biashara, zina wakimbiaji wa kukodiwa wanaoongoza kasi, na njia zake ni rafiki kwa rekodi. Mabingwa hupimwa kwenye mbio za ubingwa, ambako hakuna anayekuongoza na kila mtu anakuvizia. Agosti 2023 kulikuwa na ubingwa wa dunia Budapest. Kiptum hakwenda, akaenda Chicago. Ni kweli. Lakini walioongoza kasi hawafiki mwisho wa mbio, na kilomita zake za mwisho alizikimbia peke yake. Viatu vya kisasa? Washindani wake nao walivaa viatu vya kisasa. Na Kipchoge, ambaye tunamheshimu kwa dhahabu zake mbili za Olimpiki, jina lake halikujengwa na dhahabu peke yake. Lilijengwa pia London na Berlin, kwenye hizohizo mbio za biashara.

Jambo moja ninawakubalia bila masharti. Tusimpe mtu heshima kwa yale ambayo angefanya. Baada ya msiba ule nilisoma watu wakiandika kwamba angekimbia chini ya saa mbili, kwamba angetwaa dhahabu ya Paris. Labda. Labda pia goti lingeuma, angepotea kama walivyopotea wengi. "Angeli" na "angali" hazina nafasi ukumbini. Hoja yangu haizihitaji. Futa yote ambayo Kiptum hakuyafanya, baki na saa zisizozidi saba za mbio tatu zile, na hizo zinatosha.

Kwa nini basi tunang'ang'ania miaka? Nadhani ni kwa sababu miaka ni rahisi kuhesabu, na mwenye kuhesabu halazimiki kuamua. Angalia sherehe zetu za kustaafu. Aliyekaa ofisini miaka 30 anapewa cheti, kanga, godoro na hotuba, hata kama kwa 25 kati ya hiyo alikuwa anapiga muhuri na kusoma gazeti. Simbezi, kuvumilia ni kazi. Ila tumefika mahali ambapo kukaa kwenyewe kumekuwa ndiyo sifa.

Nilipokuwa kidato cha pili tulipata mwalimu wa Hisabati, kijana aliyetoka chuo juzi. Kabla yake tulikuwa tunanakili majibu ubaoni kama watu wanaochora ramani ya nchi wasiyoijua. Yeye alitutoa nje, akatupeleka barabarani, akatuuliza mlima huu umeinama kiasi gani na lori lenye breki mbovu litafika chini kwa kasi gani. Tulipima kwa kamba na vijiti. Ndiyo siku niliyoelewa kwamba namba zinaongelea kitu. Alitufundisha mwaka mmoja na miezi mitatu. Likizo ya Juni akaugua, hakurudi.

Miaka michache baadaye shule iliamua kuandika majina ya walimu wa kukumbukwa kwenye ukuta wa ofisi. Wanafunzi wake wa zamani tulipeleka jina lake. Kikao kikajibu kwa upole kabisa kwamba alikaa muda mfupi, na walimu waliotumikia miaka mingi wangejisikiaje? Sina ugomvi na yeyote aliyeketi pale. Lakini mimi nimefika uzamili kwa sababu ya ile miezi 15, na sikuona jina lake.

Nilimweleza mjomba hayo yote pale kibandani. Hakuyumba. Ndipo nikamuuliza kuhusu duara moja ambalo wazee wa Sekenke hawachoki kulisimulia, lililotema dhahabu siku tatu, kisha maji yakaingia na kulifunga moja kwa moja.

"Lile?" akasema, macho yakamwaka. "Lile halijatokea jingine!"

"Siku tatu tu, mjomba."

Alikaa kimya kidogo, akachukua kikombe ambacho kilikuwa hakina chai. "Wewe kijana," akasema, "usomi wako una hila."

Hila hiyo ni ya mahali tulipozaliwa. Mwaka 1916, vita ikiwa imewabana, Wajerumani walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke na kuigonga sarafu za rupia 15 pale Tabora, zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Kazi hiyo ilidumu miezi michache tu. Septemba Wabelgiji waliingia Tabora. Zilitoka sarafu kama 16,000 hivi, na leo watoza sarafu duniani wanazigombania. Sijasikia hata mmoja akiikataa kwa sababu mtambo haukudumu.

Kwa hiyo ninadai mambo mawili. Shirikisho la riadha la dunia liweke mlango wa pili kwenye ukumbi wake: aliyefanya ambacho hakijawahi kufanywa, akakifanya zaidi ya mara moja mbele ya walio bora, aingie, awe alikimbia miaka 20 au miezi 10. Kiptum apite hapo. Bayi naye apite, angali hai, aone kwa macho yake.

La pili ni dogo na liko karibu. Ule ukuta wa ofisi ya walimu bado una nafasi chini ya jina la mwisho, nimeiona likizo iliyopita. Rangi nitanunua mimi.