Nyuma ya Mlima Kuna Watu

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, ni mtu mwema na dereva hodari, lakini katika jambo la barabara hatupatani. Kila mwaka ninapotangaza kwamba napanda pikipiki yangu kutoka Tanga kwenda Moshi kuwaona wajukuu, hunipigia simu. "Shikamoo baba. Safari hii tafadhali pita lami, usizunguke." Namwitikia marahaba, namshukuru, kisha napita ninakotaka mwenyewe. Mwaka jana alivuka mpaka. Alisema mbele ya wageni kwamba mzee anayetumia siku tatu kwa safari ya siku moja ameanza kupungukiwa. Wageni walicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa nilikuwa nakula chakula chake. Jibu langu nililiahirisha, na sasa naliandika hapa.

Kwanza msomaji aelewe tunagombania nini. Kutoka Tanga hadi Mombo, kwa njia ya Muheza, Segera na Korogwe, sina ubishi na mtu. Nafuata lami kama wengine. Mombo nakunja kulia, napanda Soni hadi Lushoto, nalala huko kwenye baridi. Asubuhi ya pili nateremka, na nikifika Mkomazi ndipo ugomvi unapoanza. Barabara kuu inashika upande wa magharibi wa milima ya Upare, inapita Hedaru na Makanya hadi Same, sambamba na reli ambayo Wajerumani waliifikisha Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Barabara ya pili inazunguka nyuma ya milima hiyo hiyo, upande wa mashariki: Kihurio, Ndungu, Gonja Maore, Kisiwani, ndipo nayo inatokea Same. Ni kama kilomita mia moja. Nilipopita mara ya mwisho kulikuwa na vipande vya lami, na vipande vya vumbi linaloingia mpaka kwenye meno. Hiyo ndiyo njia yangu.

Mkwe wangu anasema napoteza muda. Namwuliza, muda huo nikiuokoa niuweke wapi? Nilistaafu ukuu wa chuo cha ualimu nikiwa na miaka sitini, kengele hainiiti tena, na sijaona benki inayopokea siku za mzee na kumrudishia na faida. Mwenye mgonjwa na apite lami, tena haraka. Mwenye nyanya za kuwahi soko vivyo hivyo. Lakini mtu aliyetoka nyumbani kwa hiari, juu ya chombo ambacho hakina dirisha wala paa, akimbilie kufika ili akafanye nini? Akifika atakaa kwenye kochi na kutazama televisheni.

Anasema pia kwamba lami ni salama. Hapa nakasirika hasa, maana nilimtii mara moja. Miaka minne iliyopita nilipita lami tangu mwanzo hadi mwisho kama alivyotaka. Kati ya Hedaru na Makanya basi moja, ambalo jina la kampuni yake nalikumbuka ila silitaji, lilitoka nyuma ya lori lililokuwa likija, likanijia usoni katika upande wangu huku likiniwashia taa kana kwamba mimi ndiye niliyekosea. Sheria yetu imeyawekea mabasi kikomo cha kilomita 80 kwa saa; lile lilikuwa halijapata habari hiyo. Nilishuka kwenye changarawe, pikipiki ikayumba, nikasimama ndani ya miiba nikiwa mzima. Nilikaa chini ya mti karibu nusu saa kabla mikono haijaacha kutetemeka, na katika nusu saa hiyo hakuna gari lililosimama kuniuliza. Sikuwalaumu. Kwa mwendo ule hata kuniona hawakuniona.

Sitasema uongo kwamba nyuma ya mlima sianguki. Nimeanguka mara mbili kwenye mchanga, mara zote nikiwa katika mwendo wa mtu anayeendesha baiskeli, na mara zote watu walitoka mashambani wakaninyanyua, wakaninawisha, wakanigombeza kwa umri wangu. Mtu akiuliza ipi kati ya hizo mbili ndiyo salama, na aseme kwanza usalama anaoutaka ni upi.

Tena hupenda kunitajia "wenzetu walioendelea". Haya, tuwatazame. Wamarekani walipitisha sheria mwaka 1956, chini ya Rais Eisenhower, wakajenga mtandao wa barabara pana zinazoukwepa kila mji mdogo. Barabara yao mashuhuri ya Route 66, iliyoanzishwa mwaka 1926 kutoka Chicago hadi California, ilifutwa katika orodha ya barabara za taifa mwaka 1985, na miji midogo iliyokuwa ikiishi kwa wasafiri, kwa kuwauzia petroli, chai na kitanda, ikadhoofika. Lakini Wamarekani hao hao wana barabara nyingine, Blue Ridge Parkway, inayopita juu ya milima ya Virginia na North Carolina kwa kilomita zipatazo 755. Waliianza mwaka 1935 na kuikamilisha mwaka 1987. Malori ya biashara hayaruhusiwi humo, na kasi ya juu haizidi kama kilomita 72 kwa saa. Imejengwa kwa makusudi ili mtu aende polepole na aone, na wenye pikipiki huifuata kutoka mbali. Kumbe wenzetu nao wanazunguka! Ila wao wakizunguka huitwa watalii, na mimi naitwa mzee aliyepungukiwa.

Lakini muda na usalama ni maneno ya juu juu. Shtaka langu dhidi ya barabara kuu ni kwamba inasema uongo juu ya nchi. Mvua za Upare huletwa na pepo za kutoka baharini, na milima huzipokea kwa mgongo wake wa mashariki. Upande wa magharibi unabaki na mabaki. Barabara kuu imepitishwa kwenye huo upande wa mabaki. Ndiyo maana mtu anaweza kusafiri kwa basi kati ya Dar es Salaam na Arusha miaka thelathini, akatazama dirishani vichaka vya miiba, mkonge na udongo mwekundu, akaamini kwa dhati kwamba Upare ni nchi ya ukame na watu wake wanaishi kwa kubana matumizi. Hajaona mashamba ya mpunga ya Ndungu yakiwa kijani hadi chini ya mlima. Hajanusa magunia ya tangawizi yanayoteremshwa kutoka Mamba Myamba. Hajui kwamba wale waliojenga nyumba kule juu wanaitazama mbuga ya Mkomazi kama mtu anavyotazama ua wake.

Najua uongo huo unavyofanya kazi kwa sababu niliwahi kuwa mtumishi wake. Mwaka 1979 nilikuwa mkufunzi kijana, na miongoni mwa kazi zetu ilikuwa kuwapima walimu wanafunzi wa UPE, wale vijana waliotoka darasa la saba na kujifunza ualimu huku wakifundisha vijijini. Kwa haki ilitupasa tuwafuate mashuleni kwao. Lakini Same kulikuwa na lami, na nyumba ya wageni yenye maji. Tukaagiza kwamba wao watufuate sisi, kila mmoja afundishe somo la mfano katika shule ya mjini, kuanzia saa mbili kamili. Kijana mmoja kutoka shule ya mlimani juu ya Gonja alifika saa tano, viatu mkononi, suruali ina tope hadi magotini. Sikumwuliza ametoka wapi. Niliandika kwenye karatasi kwamba hajali wakati. Kwa karatasi ile alirudishwa nyuma mwaka mzima.

Mwaka 1992 nilipata pikipiki yangu ya kwanza, Honda iliyokwishatumika, na kwa udadisi tu nikapita nyuma ya mlima. Ilikuwa mwezi wa Aprili, kosa ambalo sijalirudia. Udongo ule mweusi ukilowa hukamata tairi kama gundi. Kutoka Gonja hadi Same nilitumia saa tano, nikiwa na injini. Nilipofika mjini nilisimama mbele ya shule ile ile, na yule kijana akanijia kichwani na viatu vyake.

Nilimtafuta kwa miaka mingi, nikiuliza kila nilipolala njiani, na nikampata katika safari yangu ya mwaka juzi. Naye amestaafu. Alinipokea kwa "shikamoo Mwalimu" kabla sijavua kofia ngumu. Nilimweleza kilichonileta. Akasema siku ile aliteremka mlima usiku kwa miguu hadi Maore, akangoja lori ambalo halikuja, akatembea hadi karibu na Kisiwani ndipo akapata lifti juu ya magunia. "Ulinicheleweshea mshahara mwaka mzima, Mwalimu," akasema, akacheka. Mkewe hakucheka. Alitupa wali na maharage, akakaa kando akinitazama nikila, nami nilistahili kutazamwa hivyo.

Sasa mkwe wangu anataka nipite lami.

Nimekwisha kujiandaa kwa safari ya Septemba, kabla ya vuli. Nina tyubu mbili za akiba, pampu ya mkono, viraka, na kidumu kidogo cha petroli ili nisitegemee ile inayouzwa kwenye chupa za maji. Kule Gonja nimeahidi kupeleka madaftari kwa mjukuu wake aliyeingia kidato cha kwanza, na yule mama ameniagizia khanga kutoka Tanga, ametaja na rangi.