Utitiri Katika Masanduku ya Nyenje

Ndugu mkulima, ukifuga nyenje wa kulisha kuku, huenda siku moja ukaona kama vumbi jeupe linatembea sandukuni. Huo ni utitiri. Wengi hukimbilia dawa ya kupulizia. Hilo ni kosa: dawa nyingi ziuazo utitiri huua nyenje pia, na kuku akila nyenje mwenye sumu, sumu yaweza kufika katika yai la mtoto wako.

Adui hasa ni unyevu. Ondoa mabaki ya majani kila siku. Pumba ziwe kavu. Jioni weka ganda la kiazi. Asubuhi litoe pamoja na utitiri ulioshika, ulitie katika maji yanayochemka. Kisha hamisha nyenje, osha sanduku kwa maji ya moto, ulianike mpaka likauke kabisa. Dawa hununuliwa, jua ni bure.