Ukali wa Mbwa Haukai Shingoni

Kuna imani imeenea kuanzia Mbinga mjini hadi huku Ngumbo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na haibagui msomi wala asiyesoma: mbwa akikazwa shingo ndiyo anakuwa mkali. Mlegezee kidogo, wanasema, kesho utamkuta anatikisa mkia mbele ya wezi. Basi kitoto cha mbwa kikifikisha miezi mitatu kinatafutiwa kipande cha manila, au waya wa breki ya baiskeli, kinafungwa chini ya mwembe, na mwenye nyumba anakwenda zake ziwani akijua nyumba ina mlinzi.

Mlinzi gani? Mshike kichwa mbwa wa namna hiyo, kama atakukubalia. Utaanza kupokewa na harufu. Kisha pekua manyoya ya shingoni kwa vidole uitafute kamba, na hutaiona. Utaona mfereji mwekundu umezunguka shingo nzima, unatoka usaha, nzi wameshataga humo na mabuu yanachezacheza. Kamba yenyewe iko chini. Nyama imevimba juu na chini yake ikaifunika, na mahali pengine ngozi imeanza kuota juu ya waya. Hakuna aliyekusudia hivyo. Kamba ilikuwa saizi yake siku ilipofungwa, ila mbwa wetu wa kienyeji anaongezeka mwili kwa kasi katika miezi sita ya kwanza, na mpaka atimize mwaka bado shingo inajaa. Kamba haikui.

Wenye imani hii watakujibu kwamba mbona anabweka sana. Ni kweli, anabweka. Anabwekea jani la mgomba, kuku, mwezi na mama mwenye nyumba. Mbwa anayebwekea kila kitu hakuambii chochote. Usiku wa nne familia nzima imeshazoea, na mwizi akija kelele ni zile zile za jana. Na mbwa mwenye kidonda, aliyefungwa hata kukimbia hawezi, amebakiwa na njia moja tu ya kujitetea, ambayo ni meno. Anayemsogelea kila siku si mwizi. Ni mtoto aliyetumwa ampelekee ukoko.

Shingoni mwa mbwa, kama mwako, ndimo linamopita koo la hewa na mishipa inayopeleka damu kichwani na kuirudisha. Utafiti mmoja wa mwaka 2006 ulipima mbwa wakivuta kwa kola na wakivuta kwa mkanda wa kifuani: kwa kola presha ya ndani ya macho ilipanda, kwa mkanda wa kifuani haikupanda. Na hao walikuwa na kola. Sasa fikiria waya wa breki.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mambo haya yanafanywa na watu wanaoyajua mafundo kuliko mtu yeyote. Mvuvi wa huku hawezi kufunga mtumbwi kwa kitanzi. Anajua mawimbi yakiuvuta usiku kucha kitanzi kitajikaza, na asubuhi atakata kamba kwa kisu. Atafunga fundo lisiloteleza, litakaloshika mtumbwi na bado kufunguka kwa mkono mmoja uliolowa. Halafu jioni, mtu huyo huyo, anarudi nyumbani na kumfunga mbwa kitanzi.

Kama kukaza shingo kungezaa ukali, Jeshi la Polisi lingekuwa la kwanza kununua waya kwa jumla. Linacho Kikosi cha Mbwa na Farasi, na ukali wa mbwa wale unatokana na mafunzo, chakula cha kutosha na askari mmoja wanayemjua. Hata panya tumewaheshimu zaidi. Pale Morogoro, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini, na panya hao hufanya kazi wakiwa wamevishwa mkanda mdogo wa mwilini uliounganishwa na kamba. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa huko mwaka 2013, akapelekwa Kambodia kazini, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza. Uzito wake ulikuwa kilo 1.2. Panya wa kilo moja na ushee ana mkanda wa kipimo chake, na mbwa anayefukuza nyani na nguruwe pori kwenye muhogo wako umempa waya wa baiskeli bovu.

Wapo wanaolikwepa jambo hili kwa kusema kola ni mambo ya Wazungu. Mwaka 1899, katika Bonde la Wafalme kule Misri, lilifukuliwa kaburi la mtu aliyeitwa Maiherpri. Ndani yake zilikuwamo kola mbili za mbwa, za ngozi, zenye mapambo, na moja imeandikwa jina la mbwa mwenyewe: Tantanuit. Zilitengenezwa Afrika, zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Tuendelee.

Umaskini nao usisingiziwe. Mkanda wa kiti cha gari bovu ni kola bora kuliko nyingi za dukani, na kila gereji ya Mbinga ina gari lililokufa. Mkanda wa suruali wa mtumba nao unatosha, mradi ni ngozi ya kweli au kitambaa kizito; ule wa plastiki unapasuka na kingo zake zinakata. Ngozi mbichi iache kabisa, maana ikilowa ziwani na kukauka juani inajikaza yenyewe. Pima shingo kwa uzi, ongeza kama sentimita tano, mpelekee fundi viatu. Mwambie upana usipungue sentimita mbili kwa mbwa wa kilo kumi na tano hivi, aweke bizimu na pete ya chuma imara ya kufungia kamba, na atoboe matundu mengi kuliko unavyodhani utahitaji, kwa sababu mbwa anakua na pia anakonda njaa ikiingia. Ukimvisha, vidole viwili vilivyolala vipite kati ya mkanda na shingo bila kulazimishwa. Kikipita kimoja kwa shida, legeza. Ikipita ngumi, atauvua kichwani usiku wa kwanza. Kisha uwe unarudia kipimo hicho kila wiki kwa kitoto, na kwa mbwa mzima kila unapomwogesha au akitoka majini.

Hapo bado kuna suala la kamba. Mbwa aliyefungwa mti mmoja huzunguka mpaka kamba yote inaishia kwenye shina, na akifika hapo kola nzuri kabisa inageuka kitanzi. Tandaza waya mrefu kati ya miti miwili na kamba yake iteleze juu yake, apate kivuli na maji pande zote. Hapo ndipo waya una kazi. Usiku mfungulie uani. Mlinzi asiyeweza kutembea atamlinda nani?

Kwa wawindaji nakubali jambo moja, na nalikubali bila shingo upande: mbwa anayeingia kichakani kufukuza ngedere au nguruwe asiingie na kola iliyofungwa imara, kwa kuwa ikinasa kwenye tawi atajinyonga peke yake, hakuna wa kumsikia. Mvue mkiwa ukingoni mwa shamba, mvishe mkirudi. Ila kutoka hapo kuhitimisha kwamba kola ni hatari kwa hiyo manila idumu, huko ni kuruka hoja. Manila nayo hunasa, tena haina bizimu ya kufungua.

Serikali imeshasema yake. Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu, na waya uliozama kwenye nyama sijui utaitwa nini kingine. Lakini simtegemei mgambo apite nyumba kwa nyumba akikagua shingo. Nategemea hofu nyingine, ambayo kila mzazi anayo. Kadirio lililochapishwa mwaka 2002 liliweka vifo vya kichaa cha mbwa Tanzania kuwa karibu 1,500 kwa mwaka, wakati vilivyoandikishwa rasmi vilikuwa vichache mno. Dawa ya jambo hili inajulikana: wachanjwe angalau mbwa 70 katika kila 100. Lakini ili mbwa achanjwe lazima mtu aweze kumshika. Siku ya chanjo, mbwa mwenye kola anashikwa na mtoto wa darasa la nne na sindano inaisha kabla hajajua. Yule wa waya anaburutwa kwa kitanzi, kidonda kinachanika, anamng'ata aliyemshika, anachomoka na kukimbilia migombani, na daftari la chanjo linafungwa bila yeye kuandikwa. Huyo ndiye tuliyemwita mkali, na ndiye analala mlangoni pako.

Kama wako waya umeshazama, usiuvute na wala usiukate kwa koleo. Utaondoka na nyama, na yeye ataondoka na vidole vyako. Mwite afisa mifugo wa kata aje na ganzi. Wakati unamsubiri, fungua kamba kutoka kwenye mti, muache bandani, weka maji, na watoto wasimsogelee.