Serikali Inapohitaji Shamba la Mtu

Wako watu katika Machakos wanaodhani kwamba mtu akiisha kupata hati ya shamba lake, hakuna awezaye kumtoa. Wako na wengine wanaodhani kwamba Serikali ikilitaka shamba hulitwaa tu, na mwenyewe hana la kusema. Pande zote mbili zimekosea, na kila kosa lina hasara yake.

Zamani neno la hao wa pili lilikuwa karibu na kweli. Sheria ya mwaka 1915 iliihesabu hata ardhi waliyoikalia Waafrika kuwa mali ya Taji la Uingereza, na mwaka 1921 Mahakama Kuu ilitamka kwamba wakaao humo ni wapangaji tu, wa kuondolewa wakati wowote. Leo sivyo. Kifungu cha 40 cha Katiba ya mwaka 2010 chakataza kumwondolea mtu mali yake ila kwa manufaa ya umma, kama vile barabara, reli au bwawa, tena kwa kumlipa upesi fidia kamili iliyo ya haki. Asiyeridhika aweza kwenda mahakamani.

Njia yenyewe imeandikwa katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Tume ya Kitaifa ya Ardhi hutangaza kusudi lake katika Gazeti Rasmi la Serikali. Zikiisha kupita siku zisizopungua 30, hufanywa kikao cha uchunguzi, na tarehe yake hutangazwa siku 15 kabla, au zaidi. Hapo ndipo huulizwa: Shamba hili ni la nani? Lina thamani gani? Mwenye dai lazima alifikishe kwa Tume, kwa maandishi, kabla siku hiyo haijapita. Juu ya bei ya soko, kanuni za mwaka 2017 huongeza asilimia 15 kwa ajili ya usumbufu.

Reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilipita Athi River, na ardhi ya watu wengi njiani ilitwaliwa. Wako waliolipwa mapema, na wako waliongoja miaka.

Basi kikwazo kikubwa mara nyingi hakimo katika sheria, bali kimo nyumbani. Hati ingali katika jina la babu aliyekufa zamani. Wanawe waligawana kwa mdomo mbele ya wazee, wakapanda mikonge mpakani, wakaridhika. Siku vigingi vya wapimaji vinapoonekana shambani, Tume yauliza mwenye shamba, na anayetajwa katika daftari yumo kaburini. Ndugu huanza kushtakiana, dada aliyeolewa hudai fungu lake, ambalo sheria yamtambulia, na fedha hukaa zikingoja huku tingatinga likifanya kazi.

Dawa ni kutengeneza mambo mapema. Kila jamaa na wafungue shauri la mirathi mahakamani, wapime mafungu, na kila mmoja aandikishwe kwa jina lake katika ofisi ya ardhi. Gharama ipo, lakini ni ndogo kuliko hasara ya kukosa fidia. Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari.