Elimu ya milima yetu ishuke mpaka mu shimo

Mtu akishuka kwa miguu toka Bibokoboko mpaka Baraka, magoti yake yanamuambia kile wajeolojia wameandika mu vitabu vinene: hapa dunia imepasuka. Juu ni mulima, chini ni Ziwa Tanganyika lenye kina cha karibu metre 1 470. Na ule ufa haujalala. Tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili 2005, tetemeko la nguvu ya 6,8 lilipiga ku ziwa, na nyumba zikaanguka Kalemie.

Lakini mulima wenyewe ni mzee sana kuliko ufa. Kuna mtu alitumia maisha yake kutafuta uzee huo. Ni Lucien Cahen, Mbelgiji aliyezaliwa 1912. Mu 1954 alitoa kitabu juu ya jeolojia ya Congo, na toka 1958 mpaka 1977 aliongoza makumbusho ya Tervuren, kule Ubelgiji. Alijua kwamba urani iliyo ndani ya jiwe inageuka plomb, ile ile ya betri, pole pole na kwa mwendo usiobadilika. Ukipima urani iliyobaki na plomb iliyozaliwa, unapata umri wa jiwe. Kwa njia hiyo yeye na wenzake walianza kutenga milima ya zamani na ya nyuma yake. Kitabu chao kikubwa juu ya umri wa mawe ya Afrika kilitoka 1984, miaka 2 nyuma ya kifo chake.

Wengine waliendelea, tena walisahihisha. Zamani mukanda wote wa milima, toka Katanga, kupitia Kivu, Burundi na Rwanda, mpaka Uganda, uliitwa Kibara. Mu 2010 Luc Tack na wenzake walionyesha kwamba miaka milioni 1 375 iliyopita, mawe ya moto yalipanda toka chini wakati dunia ilikuwa inavutwa, si kukandamizwa. Tena walisema ule mukanda ni vipande 2, si kimoja. Na hapa karibu, mu Itombwe, Walemba na Sharad Master waliandika mu 2005 juu ya mawe waliyoyahesabu kuwa alama za barafu ya zamani sana. Barafu, huku kwetu!

Mchimbaji atauliza: hayo yote yatanipa chakula? Tunajibu ndiyo, kwa njia 2.

Ya kwanza ni filoni. Dhahabu nyingi ilibebwa na maji ya moto yaliyopita mu nyufa za mwamba, ikabaki mu lile jiwe jeupe tunalolifuata. Mahali tabaka zilipokunjwa ao kukatika, filoni nayo inapinda ao inapotea. Anayejua kusoma mikunjo hatamaliza miezi 6 na deni la PDG akichimba upande usio na kitu.

Ya pili ni uhai. Tabaka zikiinama kuelekea shimo, mvua ikiingia kati yao, zinateleza kama vitabu ku meza iliyoinama. Tarehe 11 mwezi wa tisa 2020, mvua iliingia mu mashimo ya Kamituga na watu karibu 50 wakafia chini. Hatusemi jeolojia ingezuia mvua. Tunasema mtu anaweza kufundishwa ni ukuta gani wa kuogopa mbele mawingu hayajafika.

Kwa hiyo shida si kwamba watu walisoma milima yetu. Shida ni mahali elimu ile ilisimama: mu Kifaransa, mu Kiingereza, mu masanduku ya mawe kule mbali. Mawe yale hayakutembea yenyewe. Mababu zetu waliyabeba ku kichwa.

Na sisi pia tuseme ukweli. Kijana akija na nyundo na boussole, tunamfukuza, tunasema ni mpelelezi wa kampuni. Hofu hiyo ina sababu: mara nyingi nyuma ya nyundo ilikuja karatasi ya kutuambia tuhame. Lakini tukifukuza kila mwenye nyundo, tunabaki kuchimba kwa kubahatisha.

Tunaomba mambo 3. Kila timu ya utafiti inayopanda huku, mbele ya kurudi, ikae siku moja ku chantier, ieleze kwa Kiswahili kile iliona, na iache ramani kwa chef. SAEMAPE, kwa kuwa ndiyo kazi yake kusaidia wachimbaji, itume mtu wa kuangalia tabaka mbele shimo halijafunguliwa. Na watoto wa Fizi wanaosoma jeolojia Bukavu na Lubumbashi, warudi na boussole zao. Sisi wazazi tuwapokee.

Yote hayo yanadai amani. Hakuna atakayesoma mulima ambao watu wake wamekimbia. Lakini amani ikifika, isitukute tungali hatujui kilicho chini ya miguu yetu.