Utu Uzima Dawa: Dino Zoff, Mlinda Mlango wa Italia

Askari alindaye lango la kambi usiku kucha hasifiwi asubuhi kwa kuwa hakuna adui aliyepita. Lakini akipita mmoja, kila mtu hulijua jina lake. Ndivyo ilivyo katika kandanda. Mshambuliaji hukosa mara tano, akafunga mara moja, akabebwa mabegani. Mlinda mlango huokoa mara tano, akafungwa mara moja, akalaumiwa. Juma hili tumtazame mtu aliyeistahimili kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20.

Dino Zoff alizaliwa mwaka 1942 katika kijiji cha Mariano del Friuli, kaskazini-mashariki mwa Italia. Alipokuwa na umri wa miaka 14, vilabu vya Inter na Juventus vilimjaribu na kumkataa kwa sababu ya ufupi wake. Akajifunza ufundi wa mitambo, huku bibi yake akimlisha mayai kwa wingi apate kurefuka. Kimo kikaja. Mwaka 1961 akaidakia Udinese katika ligi kuu, na mchezo wake wa kwanza, dhidi ya Fiorentina, alifungwa mabao 5. Hakukata tamaa. Akapitia Mantova na Napoli, akatwaa ubingwa wa Ulaya na timu ya taifa mwaka 1968, na mwaka 1972 akachukuliwa na Juventus, klabu ile ile iliyomkataa. Huko alipata ubingwa wa Italia mara 6.

Baina ya 1972 na 1974, lango la timu ya taifa halikuguswa kwa dakika 1,142 akiwa uwanjani, hadi alipofungwa na Emmanuel Sanon wa Haiti.

Kisha zikaja lawama. Katika Kombe la Dunia la 1978 kule Argentina, alifungwa kwa mikwaju ya mbali, na wengi wakasema amezeeka. Mwalimu Enzo Bearzot hakuwasikiliza. Tarehe 5 Julai 1982, mjini Barcelona, Italia ikiongoza 3-2, Oscar wa Brazil alipiga mpira kwa kichwa katika dakika za mwisho; Zoff akaudaka juu ya mstari. Siku sita baadaye, akiwa nahodha mwenye umri wa miaka 40, alilinyanyua kombe mjini Madrid baada ya kuishinda Ujerumani ya Magharibi 3-1. Waitalia walimpenda kwa utulivu na uchache wa maneno yake, hata picha ya mikono yake ikilishika kombe ikawekwa katika stempu ya posta.

Enyi wazazi, mtoto wenu akirudi nyumbani amekataliwa kwa ajili ya umbo lake, msimwongezee simanzi. Mpeni chakula, mpeni kazi ya kujifunza, kisha mpeni muda. Na sisi tulio makazini, tusiwe wepesi kumwita mwenzetu mzee kwa kosa la siku moja.